Jinsi ya kuwaonyesha watoto jua na sayari zilivyozaliwa, kwa mbabula na sahani za mawese

Miaka 26 nilifanya kazi ya tanuru la shaba hapa Lubumbashi, na mingi kati ya hiyo ilikuwa posti ya usiku. Taka ya moto ilipomwagwa juu ya terili, ule mlima mweusi ambao kila anayeingia mjini anauona, anga liligeuka jekundu na nyota zikapotea. Taka ikapoa, nyota zikarudi moja moja. Hapo ndipo nilipozoea kutazama juu. Sasa niko pensheni (inakuja ikitaka, tuyaache hayo), na wajukuu wakija kwangu Katuba likizo kubwa, tunalala nje ya nyumba usiku mmoja au miwili na ninawaonyesha tulikotoka. Nimefanya hivyo mara nyingi, najua watoto wanachokea wapi na wanaanza kuuliza wapi. Ukitaka kujaribu kwenye lupangu yako, yaani uani kwako, fuata hivi.

Tafuta beseni pana, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, sahani ndogo sita za bati, mawese vijiko sita, mbabula (jiko la makaa) yenye makala yaliyoshika vizuri, chupa mbili zilizojazwa mchanga, na kamba. Sahani ziwe za bati kweli. Mwaka wa kwanza niliweka za plastiki, moja ikajikunja kama jani, na nyanya yao hajaisahau mpaka leo. Leta na blanketi, maana mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku hapa kwetu haina mzaha.

Jumeli, ile darubini ya macho mawili, si lazima. Zangu nilizinunua sokoni kwa mtu aliyeniapia kwamba ni mali safi. Usiku wa kwanza mjukuu mdogo akaziweka machoni, akapiga kelele: “Kambo (yaani babu), mwezi iko mbili!” Upande mmoja ulikuwa umepinda. Tangu siku ile tunaziba jicho moja, na kazi inaenda.

Ukiweza kuchagua, chagua mwezi wa tano au wa sita: mvua imekwisha na moto wa porini haujashika. Kuanzia mwezi wa nane moshi unaweza kutanda mpaka nyota za chini zinakuwa kama zimefunikwa na chandarua. Kurani, yaani umeme, ikikatika, usinung'unike siku hiyo. Kaa nje.

Sasa, usianze na “hapo zamani”. Watoto wameshasikia hadithi nyingi za mwanzo wa dunia, yako itakuwa moja zaidi. Anza na mstari. Jua likizama, chomeka kijiti upande lilikozamia. Giza likishaingia, tafuteni mwezi kama upo, na kila nyota inayong'aa imetulia bila kumetameta. Hizo ndizo sayari. Zuhura ikiwepo haihitaji kutafutwa, na Mshtarii inaifuata kwa mwanga. Kisha tazameni karibu na utosi, mtaona kundi la nyota la Nge limejikunja, na moyo wake ni nyota nyekundu inayoitwa Antares. Mtoto mmoja ashike ncha ya kamba kwenye kijiti, mwingine ainyanyue na kuivuta mpaka ipite kwenye sayari na mwezi. Kamba itakata anga toka magharibi mpaka mashariki, nayo itapita jirani na ule moyo wa Nge. Halafu waambie wageukie kusini, kwenye nyota za Msalaba. Hata wakikesha miaka mia, hakuna sayari itakayokanyaga pale.

Waache wakae na jambo hilo kidogo. Mimi huwa nawauliza hivi: ukiwakuta watu wanane wanatembea kwenye njia moja, wote wanaelekea upande mmoja, utasema wamekutana kwa bahati? Watasema hapana, wametoka nyumba moja. Basi, sayari nane zinazunguka jua upande mmoja, kama punje zilizowekwa juu ya meza. Utaridi ndiyo imeinama kuliko wenzake, na mwinamo wake ni digrii 7 tu ukilinganisha na njia ya Dunia. Zile nyingine hazifiki hata 4. Kant, yule Mjerumani wa falsafa, aliandika mwaka 1755 kwamba hayo yote yalitoka kwenye wingu moja, na Laplace wa Ufaransa akalisema kwa namna yake mwaka 1796. Hawakuwa na mashine za leo. Walikuwa na ule mstari.

Wingu lenyewe lilikuwa gesi, zaidi hidrojeni na heli, pamoja na vumbi kidogo, baridi kupita baridi yoyote ya Katanga. Sehemu moja ikazidi uzito, ikavuta jirani zake, ikazidi tena. Lilikuwa linazunguka polepole sana, na kadiri lilivyojikusanya ndivyo lilivyozunguka mbio. Hili lionyeshe kwa pembea. Mtoto akae, mzungushe mpaka kamba zisokotane, ashike zile chupa mbili za mchanga mikono ikiwa imenyooka. Mwachie. Akiwa katikati ya mzunguko, mwambie avute chupa kifuani. Ataenda kama pia, na wengine wote watapanga foleni. Hapa utapoteza nusu saa, ukubali tu.

Lakini kwa nini wingu liwe bapa, lisibaki tufe? Vumbi linaloshuka kutoka juu linagongana na linalopanda kutoka chini, na mwendo wa juu-chini unakufa. Mwendo wa kuzunguka hakuna wa kuuua, maana karibu kila punje inaenda upande ule ule. Kinachobaki ni sahani kubwa ya gesi na vumbi, na katikati yake donge ambalo litawaka na kuwa jua. Tia maji kwenye beseni, mwaga majani ya chai, koroga kwa mwiko kisha utoe mwiko. Majani yatazunguka na kwenda kujikusanya katikati, chini. Ni picha nzuri, ila usiwadanganye watoto: majani yanakusanyika kwa sababu maji yanasuguana na kitako cha beseni, na angani hakuna kitako. Kule kinachovuta ni uzito wa wingu lenyewe.

Hapo natoa hesabu ya unga, na naipenda kuliko zote. Sema wingu letu lilikuwa magunia 40 ya unga wa mahindi, kila gunia kilo 25. Kilo 1,000. Jua limechukua kilo 998 na nusu, na zaidi kidogo. Mshtarii imepata karibu kilo moja. Zohali na wengine wamegawana kilichobaki, na Dunia yote, pamoja na bahari na milima na mgodi na sisi, ni gramu 3. Chukua unga kwa vidole viwili, uweke kwenye kiganja cha mtoto. Watu wanasema jua na sayari zake kana kwamba ni baba na watoto waliogawiwa sawasawa. Sisi watu wa tanuru tunajua kuna kilichotafutwa na kuna kilichobaki pembeni, na sayari ni kile cha pembeni.

Sasa mbabula. Asubuhi ya mwezi wa saba kila mama anajua mawese yameganda chupani, inabidi chupa ikae karibu na moto ndipo yamwagike. Weka kijiko kimoja cha mawese yaliyoganda kwenye kila sahani. Sahani ya kwanza iwe shibiri moja toka kwenye mbabula, ya pili shibiri mbili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Kinga upepo kwa kipande cha bati, la sivyo yataharibika mahesabu. Baada ya kama robo saa, nenda na tochi. Sahani ya karibu mawese ni maji mekundu. Ya pili pia, au nusu yake. Kuanzia ya tatu au ya nne kijiko kinasimama. Mwambie mtoto achore kwa makala chini, pale yanapobadilika.

Mstari kama huo ulikuwepo kwenye ile sahani ya vumbi, isipokuwa mawese yake yalikuwa maji ya kawaida. Karibu na jua changa maji yalikuwa mvuke, yakibaki mawe na chuma tu vya kujengea. Mbali, karibu mara tatu ya umbali wa Dunia na Jua, maji yaliganda kuwa barafu, na barafu iliongeza mali ya kujengea. Ndiyo maana ndani kuna sayari nne ndogo za mawe, na nje kuna majitu manne. Madonge ya nje yalikua upesi, na donge likifika kama uzito wa Dunia kumi linaanza kujivutia gesi yenyewe. Ilibidi liwahi, kwani gesi ya sahani inatoweka katika miaka milioni chache.

Punje inakuaje donge? Vumbi linashikana na vumbi, kama lile la chini ya kitanda, likawa changarawe. Kutoka changarawe mpaka kipande cha kilomita, wenye elimu bado wanabishana, maana jiwe la ukubwa wa mbabula linapopita kwenye gesi linapunguzwa mwendo na kuangukia jua. Kuanzia kilomita kwenda juu hakuna shida: kubwa linavuta dogo, wanagongana, na baada ya makumi ya milioni ya miaka zinabaki sayari chache. Mgongano mmoja wa mwisho, Dunia ikipigwa na kitu cha ukubwa unaokaribia Mirihi, ndio unaodhaniwa ulitupa mwezi.

Mtoto mjanja atakwambia alisoma kwamba kuna Mshtarii zilizo karibu sana na jua lao. Ni kweli. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, Waswisi, walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, jitu linalomaliza mzunguko kwa siku 4 tu, na mwaka 2019 wakapewa Nobel. Jibu ni kwamba sayari inaweza kuhama ikiwa bado ndani ya gesi. Sogeza sahani ya tano mpaka mbele ya mbabula, ataelewa.

Kuhusu tanuru niruhusu niseme kama fundi. Shaba ikiyeyuka, taka inaelea juu na chuma kizito kinakaa chini. Hakuna anayezitenganisha kwa mkono, uzito unafanya. Dunia changa iliyeyuka kwa migongano na kwa joto la madini yanayooza, na chuma chake kikazama mpaka katikati. Kiini hicho kina nusu-kipenyo cha kilomita 3,480 hivi, kati ya 6,371 za Dunia nzima. Mawe tunayokanyaga ni taka ya tanuru hilo. Sayari ndogo nyingine zilifika hatua hiyo kisha zikavunjwa, na vipande vya viini vyao vinaanguka hadi leo. Kule Namibia lipo jiwe la Hoba, tani kama 60, karibu lote chuma na nikeli. Mimi sijaliona, lakini nikitazama picha yake najua ni chini ya tanuru.

Na umri? Hapa Katanga tuna jibu ardhini. Urani, kama ile iliyochimbwa Shinkolobwe, inageuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika. Ukipima kiasi cha risasi, unajua saa ilianza lini. Clair Patterson, mwanasayansi wa Marekani, alipima hivyo kwenye vimondo, yale mawe yanayoanguka toka angani, na mwaka 1956 akatoa miaka bilioni 4.55. Punje kongwe kabisa zilizopatikana ndani ya vimondo zinafika bilioni 4.567.

Kilichobaki ni kuwaamsha saa kumi na nusu alfajiri, na hili lifanyike mwezi wa nane hata kama kuna moshi. Geukeni mashariki. Nyota tatu zimepangana karibu wima: ni mkanda wa kundi la nyota la Jabari. Mkono wa kuume wa mkanda kuna nyota ndogo zinazoning'inia, na moja yao ina ukungu. Usiikazie macho, tazama kando yake kidogo, itaonekana vizuri zaidi. Ule ukungu ni wingu linalozaa nyota sasa hivi, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na darubini ya Hubble imeona ndani yake nyota changa zikiwa bado na sahani zao za vumbi. Juu zaidi, upande wa kushoto, ni Kilimia, kundi la nyota ndugu waliozaliwa pamoja. Karibu na hapo, kwa jicho haionekani, ipo nyota HL Tauri. Mwaka 2014 darubini za ALMA kule Chile zilipiga picha ya sahani yake ikiwa na pete. Iweke picha kwenye simu kabla hujalala, intaneti ya alfajiri haiaminiki.

Mkirudi ndani, pitieni kwenye mbabula. Makala yatakuwa majivu, na mawese yatakuwa yameganda hata kwenye sahani ya kwanza. Sahani ya jua letu nayo ilivyopoa, mstari wa barafu ulisogea ndani hivyo hivyo. Mtoto achore mstari wa pili, kisha mawese yarudi chupani.