Kabla ya kuchimba palipoangukia jeti: mambo ya kuzingatia Uganda

Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa moja ya vituo vyake. Ilikuwa Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, yenye usajili G-ALYP. Chini ya miaka miwili baadaye, 10 Januari 1954, ndege hiyohiyo ilivunjika angani ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 wakafa. Mabaki yaliopolewa, yakapelekwa Farnborough, Uingereza, yakapangwa upya kipande kwa kipande. Ndipo ikajulikana kwamba bati la mwili wa ndege lilikuwa limechoka kwa shinikizo la hewa la kila safari hadi likapasuka.

Naanza na habari hiyo kwa sababu vijana wengi wanaopenda kutafuta mabaki ya jeti za zamani huanza na jembe. Kipande kikishatolewa ardhini bila kupimwa kilipokuwa, nusu ya habari yake imepotea, na hairudi.

Kwa hiyo anza na karatasi na watu. Magazeti ya zamani, ramani za upimaji, halafu wazee wa eneo. Mwamkie mzee, kaa, mweleze umetoka wapi, kisha muulize moshi ulionekana upande gani na watoto waliokota wapi mabati. Usitangaze kwamba unanunua vipande. Ukifanya hivyo kijiji kizima kitachimba usiku, na wafanyabiashara wa vyuma chakavu tayari wamebeba vingi vilivyokuwa juu ya ardhi.

Ruhusa isikosekane, na iwe ya maandishi. Katika ardhi ya mailo (ardhi ya hati ya umiliki wa kudumu) huko Buganda kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima hapo: ongea na wote wawili, kisha mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Idara ya makumbusho na mambo ya kale iliyo chini ya Wizara ya Utalii ijue unachofanya, na kama ndege ilikuwa ya kijeshi, jeshi lijue pia. Ndani ya hifadhi ni Mamlaka ya Wanyamapori, na kwenye mabwawa ya mafunjo ni NEMA, mamlaka ya mazingira. Uingereza, sheria ya mwaka 1986 hulinda mabaki ya ndege zilizoanguka zikiwa katika utumishi wa jeshi, na mtu hachimbi bila leseni ya Wizara ya Ulinzi. Naona huo ni utaratibu mzuri wa kuuiga hata pale ambapo hakuna anayekusimamia. MiG, jeti za kivita za Kisovieti, zilizoteketezwa na makomando wa Israeli Entebbe usiku wa kuamkia 4 Julai 1976 ziliharibiwa zikiwa chini, na eneo lile ni la uwanja wa ndege na la jeshi. Usilikaribie kwa ajili ya hobi.

Sasa hatari, na hapa naomba usome polepole. Jeti za kivita zina kiti cha kumrusha rubani nje, na kiti hicho kinasukumwa na baruti. Baruti iliyokaa ardhini miaka 40 bado inaweza kulipuka. MiG-17 ilibeba mizinga mitatu, mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23, kwa hiyo risasi zake zinaweza kuwa zimetawanyika shambani. Ukiona kitu chenye umbo la risasi, mtungi au bomba lililozibwa, acha pale pale, weka alama, rudi nyuma kwa njia uliyojia, piga simu polisi. Saa za vipimo za zamani za chumba cha rubani nyingine zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi hatari, ili zing'ae gizani: usizifungue wala kuzikwangua. Vaa glavu nene na barakoa, maana bati lililochanika hukata kama wembe.

Ukianza kazi, tandaza kamba zinazogawa eneo katika miraba, piga picha kila kipande kabla ya kukigusa, andika kina na mwelekeo wake. Tafuta namba zilizogongwa kwenye chuma: ndizo zitakazokuambia ni ndege ya aina gani. Mapanga ya injini, yaani vibapa vinavyozunguka ndani yake, yanastahili subira zaidi. Hayashiki kutu kirahisi, na yakikutwa yamepinda yote kinyume na mzunguko wake, ni dalili kwamba injini ilikuwa bado inazunguka ilipogonga ardhi.

Mfupa ukitokea, hata mmoja, kazi imekwisha siku hiyo. Funika kwa turubai, mwite mwenyekiti wa LC1 na polisi, na usipige picha ya kuweka mtandaoni. Kuna familia ambayo huenda haijawahi kuzika mtu wake.

Panga kazi ya kiangazi, Juni hadi Agosti au Januari na Februari, kwa sababu shimo kwenye udongo mwekundu hugeuka dimbwi mvua ikianza. Udongo wa juu uuweke kando peke yake, uurudishe mwisho, ili mwenye shamba apande mihogo yake msimu huohuo.