Jinsi ya kuilinganisha Rebecca ya kitabuni na ya kwenye filamu

Huwa naonesha filamu za zamani kwa kikundi cha wapenzi wa riwaya, na kila mara swali linalotangulia ni lile lile: "Mbona wamebadilisha?" Njia ninayoitumia kulijibu ni hii. Mfano wetu ni Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier ya 1938 na filamu ya Alfred Hitchcock ya 1940, ya kwanza aliyoitengeneza Marekani. Kama hutaki kuambiwa mwisho, kaisome kwanza ndipo urudi.

Hatua ya 1: Soma kitabu, andika mambo matatu

Nani anasimulia, nini kimefichwa, nani anaadhibiwa. Basi. Msimulizi hapa ni binti asiyetajwa jina, aliyeolewa na Maxim de Winter, mgane tajiri, akapelekwa Manderley. Ndani ya jumba hilo marehemu Rebecca bado ndiye mwenye nyumba, na Bi Danvers, msimamizi wa watumishi, analilinda hilo. Kwa lugha ya kwetu, binti ana mke mwenza aliye kaburini. Kilichofichwa: Maxim ndiye aliyempiga Rebecca risasi. Adhabu: mahakama haimgusi, kinachompotea ni jumba, linaloteketea kwa moto.

Hatua ya 2: Tazama moja kwa moja

Usisimamishe. Mwanzoni nilikuwa nasimamisha kila baada ya dakika chache ili nifafanue. Siku moja watu watatu walisingizia simu, hawakurudi.

Hatua ya 3: Rudia tukio moja, mara tatu

Chagua kibanda cha ufukweni, Maxim anapokiri. Mara ya kwanza sikiliza, ya pili zima sauti, ya tatu fuata kamera peke yake. Mwongozaji mwingine angeturudisha nyuma, atuoneshe mwanamke mrembo akicheka. Hitchcock hatuoneshi mtu. Maxim anaeleza Rebecca alivyokuwa amekaa, na kamera inatazama kochi tupu. Anasema aliinuka, kamera nayo inainuka, inasogea chumbani ikifuata hewa. Mwili haupo, ila macho yako yanamfuata. Mimi kila nikilirudia tukio hili najikuta namtafuta.

Sasa fungua ukurasa wa tukio hilo kitabuni. Huko tuna sauti ya Maxim na mawazo ya mkewe tu. Kazi iliyofanywa na sentensi imehamia kwenye mwendo wa kamera. Mabadiliko ya namna hii ni ufundi; yaandike upande wa kulia wa daftari.

Hatua ya 4: Upande wa kushoto, andika yaliyolazimishwa

Tangu 1934 Hollywood ilisimamia kwa ukali kanuni zake za maadili, na chini ya kanuni hizo mwuaji hakuruhusiwa kuponyoka. Ndiyo maana kwenye filamu Rebecca anajikwaa, anaanguka na kugonga kichwa. Kosa la Maxim linabaki kuficha maiti. Waulize wenzako: ndoa ile ya pili bado ni ile ile? Kitabuni mke anajua amelala na mwuaji, na moyo wake unafurahi kwamba Rebecca hakupendwa. Sumu yote ya riwaya imo humo, na filamu imeitia maji. Hilo silisamehe, hata kama najua sababu.

Hatua ya 5: Weka miisho miwili sambamba

Kitabu kinaishia barabarani: mbingu nyekundu, majivu yakipeperushwa na upepo wa bahari. Filamu inaingia ndani ya moto, Bi Danvers anaangamia humo, na mwali unakila kitambaa kilichotariziwa herufi R. Mtayarishaji David O. Selznick alitaka moshi uchore R angani! Tushukuru hakusikilizwa.

Ukimaliza, fanya zoezi hili kwa Frankenstein ya James Whale, ya 1931, iliyotoka kabla ya ukali ule. Anza kwa kuhesabu maneno ya kiumbe anayeundwa na mwanasayansi Frankenstein: katika riwaya ya Mary Shelley anasimulia maisha yake sura kadhaa, kwa ufasaha wa kumshinda aliyemuumba, kwenye filamu ananguruma tu. Kisha amua utaliandika hilo upande upi wa daftari.