Kumkausha panzi wa Bukavu bila kumharibu

Tazama vipapasio vya kichwani kwanza: vikiwa vifupi kuliko mwili, ni panzi wa kweli, vikiwa virefu kama uzi, yuko upande wa senene.

Mgandishe kwenye friji saa 24, kisha mwache alainike. Panzi mkubwa umpasue tumbo kwa chini siku hiyohiyo, utoe utumbo kwa kibano na kujaza pamba kidogo. Majani yaliyobaki tumboni huoza, na rangi ya kijani inageuka nyeusi.

Pini ipite sehemu ya nyuma ya ngao ya kifua, yaani bamba gumu linalofuata kichwa, kulia kidogo mwa mstari wa kati. Usiutoboe mstari wenyewe; wataalamu huutegemea sana. Kunjua mabawa ya kushoto, maana rangi ya bawa la nyuma hutenganisha spishi nyingi. Dume, mvute viungo vya uzazi vionekane akiwa bado laini.

Kaushia kivulini. Majira ya mvua, Septemba hadi Mei, ukungu huwahi, basi weka balbu yenye joto karibu. Miguu ya meza isimame kwenye bakuli za maji, siafu wasifike.

Lebo iandikwe kwa penseli: mahali, tarehe, mmea, mkusanyaji, na mwinuko. Kutoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi, hadi kilele cha Mlima Kahuzi, mita 3,308, panzi hubadilika.