Namna ya Kukagua Slivu za Silinda Kabla ya Kuifunga Injini ya Gari la Kale

Slivu ya silinda, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambayo mafundi wengine huiita laina, hulaumiwa kwa makosa mengi yasiyo yake. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, au maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, mwenye gari huagiza seti mpya ya slivu na pistoni, kisha tatizo lilelile humrudia baada ya muda mfupi. Mara nyingi chuma cha slivu kilikuwa kizima, na kilichoharibika ni mahali inapokaa ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini. Ndiyo maana ukaguzi ninaoueleza hapa huanzia kwenye bloku.

Fahamu kwanza aina uliyo nayo. Slivu ya maji huguswa na maji ya kupozea moja kwa moja kwa nje, huchomoka, na hushikiliwa na silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, inayoibana kutoka juu. Ndiyo iliyomo katika Citroën Traction Avant iliyotoka mwaka 1934, katika Peugeot 404 na 504, na katika Triumph kuanzia TR2 hadi TR4. Slivu kavu hushindiliwa kwa nguvu ndani ya tundu la bloku na haiguswi na maji. Mfano wake ni injini ya Jaguar XK ya lita 4.2.

Kwa slivu za maji, hatari ya kwanza huja mara tu hedi inapoondolewa, kwa sababu hakuna tena kinachozibana chini. Usizungushe krenki, yaani ekseli inayosogeza pistoni, kabla ya kuzifunga kwa boliti na washa nene zinazokanyaga kingo za slivu mbili mbili. Pistoni ikipanda huinua slivu kidogo tu, na hilo linatosha kuiachisha gasketi (kizibo) ya chini iliyokwisha kugandamana kwa miaka mingi. Ukiifunga hedi baada ya hapo, maji yataingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hata kama kila kitu kingine umekifanya kwa usahihi.

Ukiamua kuzitoa, weka alama ya namba ya silinda na upande unaoelekea mbele, kisha zisukume kutoka chini kwa kipande cha mbao ngumu. Zikishatoka utaona tope la kutu lililojazana chini ya njia za maji, hasa kuzunguka silinda ya nyuma. Liondoe lote, kwa kuwa tope hilo huzuia maji kupoza sehemu ya chini ya slivu. Baada ya hapo safisha ukingo ambao slivu hukalia. Kazi hii haitaki haraka wala patasi: tumia kitambaa kigumu na mafuta ya taa, na uangalie kwa tochi kama kutu imekula vishimo. Kishimo kinachovuka upana wote wa ukingo ni njia ya maji, na hakuna gamu itakayokiziba kwa muda mrefu.

Sasa pima kiasi ambacho slivu inachomoza juu ya uso wa bloku, kwa maana uhai wa gasketi ya hedi unategemea kipimo hiki. Ikiwa kizibo cha chini ni oringi tu, yaani pete ya mpira, pima bila kuiweka, kwa sababu huisukuma slivu juu na kukudanganya. Ikiwa slivu hukalia gasketi yenyewe, kama katika Triumph, gasketi hiyo iwepo na slivu iwe imebanwa. Pima kwa geji ya saa (kipimo chenye sindano kama ya saa) katika sehemu nne za kila slivu. Kwa injini hizo za Triumph kipimo ni kati ya 0.08 mm na 0.13 mm, injini nyingine zina vipimo vyao, navyo hufuatwa kama kitabu chake kinavyosema. Ikizama mno, moto hupenya na kuingia kwenye maji. Ikichomoza mno kuliko jirani yake, hedi huegemea juu yake na jirani hukosa kubanwa. Mimi siridhiki tofauti kati ya slivu mbili zinazopakana ikizidi 0.04 mm.

Kagua pia upande wa nje wa slivu. Vishimo vilivyokusanyika upande unaosukumwa na pistoni hutokana na mtetemo: viputo hujitengeneza ndani ya maji na kupasuka dhidi ya chuma. Kucha ikinasa, slivu hiyo usiirudishe, na baadaye usitumie maji matupu bali kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu.

Slivu kavu haikupi nafasi ya kuona mengi, hasa ya chuma iliyo ndani ya bloku ya alumini kama ile ya Rover V8. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kipenyo cha 88.9 mm, joto likipanda nyuzi 80, tundu huongezeka takriban 0.16 mm na slivu takriban 0.08 mm, hivyo mshiko uliokuwapo bloku ikiwa baridi hupungua sana. Kwa hiyo bloku ijaribiwe kwa shinikizo ikiwa ya moto. Katika Jaguar ya lita 4.2 tafuta nyufa kati ya silinda. Zikiwapo, tiba inayoaminika ni slivu zenye kola juu, na kazi hiyo ni ya karakana yenye mashine za kuchonga.

Kuchakaa kwa ndani hupimwa upesi: chini kidogo ya ukingo wa juu ambako ringi za pistoni hukomea, katikati, na chini, kila mahali pande mbili zinazokingamana.

Ukishafunga hedi na kukaza boliti kwa hatua, acha sampu ikiwa wazi. Jaza maji, tandika karatasi kavu chini ya injini, na uiache usiku kucha. Tone moja likionekana asubuhi, fungua tena kabla hujatia oili.