Kurudi Kwenye Mazoezi Baada ya Mshtuko wa Moyo: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Wagonjwa wengi wanaotoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo huzuiwa na jamaa zao, kwa nia njema, wasinyanyuke hata kufuata maji ya kunywa, ilhali moyo unaopona huimarika zaidi kwa kushughulishwa taratibu kuliko kwa kupumzishwa miezi mfululizo. Kabla ya kuanza, muulize daktari wa kliniki ya moyo, iwe ni Bugando au kwingineko, ni kiasi gani cha mazoezi kinachokufaa, hasa kama uliambiwa kwamba moyo umedhoofika au kama ulipasuliwa kifua, kwa kuwa mfupa wa kifua huchukua takriban miezi 2 hadi 3 kuunga.

Kutembea kwa miguu ndiyo njia bora ya kuanzia. Tembea dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kisha ongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku chache, hadi ufikie nusu saa kwa siku katika siku 5 za wiki, yaani zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anza polepole, na umalize polepole pia badala ya kusimama ghafla.

Mwanza ni mji wa miamba, na hapo ndipo ushauri wa jumla unapohitaji kurekebishwa. Mkazi wa Igogo au Mabatini anayeshuka kwenda kutembea kwenye tambarare ya kando ya ziwa akumbuke kwamba safari ngumu ni ile ya kurudi, atakapokuwa tayari amechoka; katika wiki za mwanzo ni heri apande bodaboda hadi mlangoni kuliko kuukabili mlima. Baadaye apande kipande kifupi, apumzike, aendelee. Kipimo ni pumzi: ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mwendo unafaa. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo peke yake, kwa kuwa baadhi ya dawa za moyo huyapunguza hata unapojitahidi. Toka kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, jua likiwa si kali, na usitembee mara tu baada ya kula.

Hatari ambayo watu huisahau ni kazi za kila siku. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa takriban kilo 20, na anayeibeba, sawa na anayevuta nyavu au kusukuma mtumbwi mchangani, hubana pumzi bila kujua, jambo linalopandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Kazi hizo zisubiri ruhusa ya daktari, na mvuvi awaeleze wenzake mapema ili asione haya kukaa pembeni.

Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au tayani, au ukipata kizunguzungu au jasho jembamba, simama na ukae chini. Kama ulipewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, itumie kama ulivyoelekezwa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, upelekwe hospitali mara moja kwa gari, usiendeshe mwenyewe. Kwa sababu hiyo, katika miezi ya mwanzo tembea na mtu mwenye simu yenye salio.