Kuomba residensi Marekani ukiwa na sapu au mtihani uliofeli: mwongozo kwa madaktari wa Mtwara na Lindi

Daktari aliyewahi kurudia mwaka chuoni, au aliyefeli Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani (USMLE), bado anaweza kupata nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, huko Marekani. Asichoweza ni kuficha. Transkripti ya USMLE huonyesha kila jaribio ulilofanya, na huna ruhusa ya kuchagua yapi yaonekane. Matokeo ya chuo na barua ya mkuu wa kitivo nayo hutaja sapu na mwaka uliorudiwa. Usipoteze hata wiki moja ukitafuta namna ya kulifunika. Weka nguvu kwenye yale uliyofanya baada ya kufeli, maana hayo ndiyo yatakayokuombea.

Anza na viza, ingawa wengi huiweka mwisho. Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya vikwazo vya kuingia Marekani mwaka 2020, ikatolewa 2021, ikarudishwa Desemba 2025, na safari hii viza za J, yaani za mabadilishano na mafunzo, zimo. Soma tangazo linalotumika sasa kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipia chochote. Residenti wengi wa kigeni huingia kwa J-1 inayodhaminiwa na ECFMG, taasisi ya Marekani inayowathibitisha madaktari waliosoma nje. Hiyo inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na baada ya mafunzo unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili. H-1B, viza ya kazi, haina sharti hilo la kurudi, lakini ni lazima uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE, na hospitali nyingi haziitoi.

Kisha kagua jina lako. Hapa ndipo faili nyingi za Watanzania hukwama. Cheti cha chuo kinasema Hassani, pasipoti inasema Hassan. Au jina la babu lipo kwenye cheti na kwenye pasipoti halipo. Siku ya mtihani, jina kwenye kibali na kwenye pasipoti lisipolingana unarudishwa mlangoni, na ada imekwenda. Panga vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na rekebisha tofauti kwa hati za kisheria kabla ya kufungua akaunti ya ECFMG. Hakikisha pia chuo chako kimo kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba, kikiwa na alama ya kukubaliwa na ECFMG.

Sasa mitihani. Step 1 tangu Januari 2022 hutolewa kwa kufaulu au kufeli tu, bila alama. Step 2 CK, hatua ya pili inayopima maarifa ya kutibu wagonjwa, bado ina alama, na kiwango cha kufaulu tangu Julai 2025 ni 218. Kila Step ina majaribio manne tu maishani. Huruhusiwi zaidi ya matatu ndani ya miezi 12, na la nne linataka miezi sita tangu la mwisho. Ukishafaulu huruhusiwi kurudia ili upandishe alama. Kwa hiyo mwenye Step 1 iliyofeli asikimbilie Step 2 CK ili mradi apite. Alama hiyo ndiyo ushahidi wake mkubwa kuliko wote, na ataubeba jinsi ulivyo. Tangu siku unapofaulu mtihani wa kwanza una miaka saba ya kukamilisha mitihani ya USMLE inayotakiwa kwa cheti cha ECFMG.

Kabla ya kulipia tena, jiulize ulifeli kwa nini, na jibu liwe mahususi. Kisa cha kawaida ni mtu kusoma kitabu miezi minane na kuanza maswali wiki sita za mwisho. Swali moja lina takriban sekunde 90, na habari ya mgonjwa ni aya nzima ya Kiingereza. Aliyezoea maswali mafupi ya chuo huishiwa muda akiwa na maswali matano hajayagusa. Dawa yake ni maswali 40 kwa saa moja, kila siku, kwa saa ya ukutani, na daftari la makosa lenye safu mbili: nilichodhani, na kilichonipotosha. Mwingine hufeli kwa kuchoka, kwa sababu Step 2 CK ni siku ya saa tisa naye hajawahi kukaa zaidi ya saa mbili mfululizo. Fanya walau majaribio mawili kamili, yenye urefu wa mtihani wenyewe. Usipange tarehe mpaka majaribio mawili ya kujipima yaliyofuatana ya NBME (mmoja wa watungaji wa USMLE) yakuweke juu ya mstari kwa nafasi ya kupumua, siyo kuugusa tu.

Huku Kusini hesabu na safari. Kituo cha Prometric, kinakofanyiwa mtihani, hakipo Mtwara wala Lindi, na barabara ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga wakati wa mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024. Ukipanga mtihani wakati wa masika, ondoka siku nne au tano kabla.

Pamoja na Step mbili, ECFMG hutaka mtihani wa Kiingereza wa OET wa madaktari: alama 350 kwa kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 kwa kuandika, zote kwa kikao kimoja. Mwenye usajili kamili wa kufanya kazi bila usimamizi hutumia njia ya kwanza kati ya zile za ECFMG za kuthibitisha ujuzi wa tiba, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalothibitisha usajili huo. Fuatilia uthibitisho mapema, kwa upole, kila wiki.

Tukija kwenye ERAS, fomu ya mtandaoni ya kuomba residensi, kuna swali linalouliza kama masomo yako yaliwahi kukatizwa au kurefushwa. Maombi mengi huharibika hapo. Wengi huandika hivi: "Kutokana na changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wangu sikufanya vizuri mwaka wa pili, lakini sikukata tamaa." Msomaji hajaambiwa kitu, na sasa ana wasiwasi kuliko mwanzo. Linganisha na hili:

"Mwaka wa pili nilifeli fiziolojia na biokemia, nikarudia mwaka. Nilikuwa nakariri noti bila kufanya maswali. Nilibadili, nikafanya maswali kila siku na kuandika kosa la kila swali. Mwaka wa tatu hadi wa tano nilimaliza bila sapu, na Step 2 CK nilifaulu mara ya kwanza."

Somo limetajwa, sababu imetajwa na mwenyewe kaibeba, badiliko linaonekana, na ushahidi unaweza kuhakikiwa kwenye transkripti. Kama sababu ilikuwa msiba au ugonjwa, sentensi moja yatosha. Usiandike undani ambao hutaki kuulizwa. Usimlaumu mhadhiri, hata kama alikosea. Maelezo haya yakae kwenye swali lake, na yasimeze insha yako binafsi, ambayo kazi yake ni kusema kwa nini fani hii. Tarehe zifanane kila mahali. Mwezi mmoja uliotofautiana kati ya fomu na barua ya chuo humfanya mtu mkweli aonekane mwongo.

Eleza pia miezi ya kusubiri ajira ya serikali baada ya intanishipu. Msomaji wa Marekani hajui kwamba daktari aliyehitimu anaweza kukaa mwaka bila kupangiwa kituo; anaona pengo tu. Kama ulijitolea Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine, andika wodi, saa kwa wiki na kazi uliyofanya. Fomu inakupa nafasi ya shughuli kumi, na tatu kati yake unazifafanua zaidi.

Barua za mapendekezo ni hadi nne kwa kila programu, na mwandishi huipakia mwenyewe. Tafuta walau moja au mbili za madaktari waliokuona ukifanya kazi Marekani. Ya bosi wako wa hapa ina uzito akieleza kisa: mama mwenye kifafa cha mimba uliyempokea usiku, ulichoamua, na kilichofuata. "Ni kijana mwenye bidii" haimsaidii mtu mwenye sapu.

Fedha zipangwe tangu mwaka uliotangulia. Maombi huwasilishwa Septemba, na familia nyingi za huku hushika pesa minada ya korosho ikifunguliwa kuanzia Oktoba. Ukisubiri korosho za msimu huo umechelewa. Tumia za msimu uliopita. Step 1 na Step 2 CK, kila moja inazidi dola 1,000. Msimu wa 2025 ERAS ilitoza dola 11 kwa kila programu katika 30 za kwanza za fani moja, na dola 30 kwa kila inayozidi hapo: programu 60 ni dola 1,230. Kwa hiyo chuja. Programu nyingi huweka kichujio cha mtihani uliofeli au miaka tangu kuhitimu, na ombi lako halifunguliwi kabisa. Tafuta kwenye FREIDA, hifadhidata ya programu za residensi, na tovuti za programu zenyewe, au uliza kwa barua pepe fupi. Tiba ya ndani, tiba ya familia, watoto na patholojia hupokea wageni wengi zaidi. Tiba ya ndani ina ishara 15 za kuonyesha programu unazozitaka hasa, 3 za dhahabu na 12 za fedha. Usizitupe kwa hospitali kubwa zisizochukua mwenye jaribio lililofeli.

Usaili mwingi ni wa mtandaoni, Oktoba hadi Januari. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni Mtwara, na kuanzia mapema Novemba, wao wakirudisha saa nyuma, inakuwa saa 11 jioni. California huwa saa 1 usiku, kisha saa 2. Barua ikisema 9:00, usiisome kama saa tisa. Weka laini mbili za mitandao tofauti na betri iliyojaa.

Orodha ya programu unayowasilisha NRMP, shirika linalooanisha waombaji na programu, ipange kwa unavyotaka kweli, si kwa unavyodhani watakuchukua. Kikokotoo kinafuata chaguo lako kwanza. Wiki ya Match, matokeo ya uoanishaji yanapotolewa, ni Machi. Jumatatu yake ukiambiwa hukupata, siku hiyo hiyo inaanza SOAP, yenye maombi hadi 45 kwa nafasi zilizobaki. Hapo usizipigie wala kuziandikia programu. Ni kosa chini ya mkataba. Kaa karibu na simu, wao ndio watakaokutafuta.