Jinsi ya Kuwatunza Tetra wa Neoni Nyumbani Mwanza

Tetra wa neoni ni samaki wa sentimita 3 hadi 4, mwenye mstari wa buluu ing'aayo ubavuni na wekundu unaoanzia katikati ya mwili hadi mkiani. Asili yake ni vijito vya misitu ya Amazoni, ambako maji hayana madini mengi, yana asidi kidogo, na mara nyingi rangi yake ni ya chai iliyokolea kwa sababu ya majani yaliyooza. Mkazi wa Mwanza aliyezoea kuliona ziwa kila siku anaweza kudhani kwamba ndoo moja kutoka ufukweni inatosha kuanzia, lakini maji ya ziwani hayafai kutiwa tangini moja kwa moja: huja na vimelea na konokono, na baadhi ya konokono hao hueneza kichocho, ambacho kitamdhuru anayetumbukiza mkono, si samaki.

Maji ya bomba ndiyo yanayofaa, ila yametiwa klorini. Yaache katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 au zaidi, ikiwezekana pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi ndani yake, au utumie dawa ya kuondoa klorini ukiipata dukani. Usitegemee kwamba maji yaliyolala kwenye simtanki yenye kifuniko yamekwisha kupoteza klorini.

Kisha subiri. Tangi jipya, hata likiwa na maji maangavu, halijawa tayari, kwa sababu kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kujijenga ndani ya chujio. Washa chujio la sponji, dondosha chembe chache za chakula kila siku ili bakteria wapate amonia ya kula, na usinunue samaki mpaka kipimo kionyeshe kwamba amonia na nitriti zote ni sifuri. Wauzaji wengi watakuuzia samaki na tangi siku moja. Ni vyema uwaache samaki dukani.

Tangi la lita 60 linatosha kundi la tetra 10. Wasipungue 6, kwani wakiwa wachache hujificha, hupauka na hugoma kula. Mawe ya matale ya Mwanza yaliyosuguliwa vizuri hayabadilishi maji, lakini makombe na mawe ya chokaa huongeza ugumu wake, yaani madini yaliyomo. Joto linalofaa ni nyuzi 22 hadi 25, na katika nyumba nyingi za hapa hita haihitajiki. Nyumba ya mabati isiyo na dari ndiyo yenye shida, kwa hiyo weka tangi chumba chenye ubaridi zaidi, mbali na dirisha la jua.

Unapowaleta, acha mfuko waliomo uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15, kisha uongeze maji ya tangi kidogo kidogo kabla ya kuwahamisha samaki kwa wavu. Usishtuke ukiwasha taa usiku na kuwakuta wamepauka. Rangi hurejea baada ya muda mfupi. Walishe mara 1 au 2 kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga na kusagwa hadi wawe unga, wanaweza kuongezwa mara moja moja.

Kila wiki badilisha robo ya maji, na sponji ikamuliwe katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria uliowasubiri kwa wiki nyingi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, acha kulisha, na uchote maji kwa kikombe ukiyamimina kutoka juu ili yapate hewa.

Samaki anayejitenga na wenzake huku rangi ikimtoka vipande vipande huenda ana ugonjwa wa neoni, ambao hauna tiba inayojulikana. Mtenge mara moja. Usimtupe ziwani kwa hali yoyote, akiwa mzima au mgonjwa, kwa kuwa samaki wa kigeni na vimelea vyake hawapaswi kuingizwa katika ziwa ambalo tayari furu wake, samaki wadogo wa asili, walipungua sana baada ya sangara kupandikizwa.